Waandishi gani, mwanangu?

Mama alikuwa akimenya ndizi mshare za mtori, nami nimekaa kwenye kigoda pembeni yake nikizipokea moja moja na kuzitumbukiza katika beseni la maji zisije zikawa nyeusi, aliponiuliza swali nililokuwa nikilisubiri tangu nishuke kwenye ndege.

"Hivi huko Ujerumani mlikwenda kujifunza nini hasa?"

Nikamwambia tulikwenda kujifunza habari za waandishi na wachoraji wa jiji la Berlin.

"Waandishi gani, mwanangu?"

"Wa zamani, Mama. Wale ambao Wanazi walivichoma vitabu vyao."

Alisikitika, akauliza kama vilikuwa vitabu vya dini. Nikasema hapana. Akaniomba nimsogezee ndoo ya maganda, tukaingia kwenye habari za harusi ya binamu yangu, na swali likapita.

Kila neno nililomjibu lilikuwa la kweli. Hata hivyo nililikata jibu langu mahali hasa ambapo lilipaswa kuanza, na nilifanya hivyo bila kusita, kama mtu aliyezoea. Hilo ndilo limenikosesha raha kwa wiki saba sasa, nikiwa kazini, nikiwa ndani ya daladala, nikiwa kitandani usiku.

Waandishi gani?

Nilichokwenda kutafuta

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kazi yangu ni kuongoza wageni hapa Moshi. Nimewapeleka watu Materuni kwenye maporomoko, nimewapeleka kwenye mashamba ya kahawa, na zaidi ya yote nimewapeleka Old Moshi, kwenye mti ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wetu, tarehe 2 Machi 1900. Pale husimama na kueleza kwamba kichwa chake kilikatwa, kwamba tunaamini kilipelekwa Ujerumani, na kwamba ukoo wake bado unakitafuta. Ni habari ninayoisimulia kwa uchungu, na sijawahi kumkatia mgeni habari hiyo katikati.

Nilipoona tangazo la safari ya mafunzo ya kikundi kwenda Berlin, watu kumi na mmoja kwa siku kumi, asubuhi kusoma na mchana kutembea, nilivutiwa kwanza na ufundi wenyewe. Nilitaka kuona wenzetu wanavyouonyesha mji ambao sehemu kubwa ya kumbukumbu zake ilibomolewa. Mada ya safari ilikuwa waandishi na wasanii waliopenda watu wa jinsia yao, pamoja na wale ambao maisha yao hayakutosha ndani ya mpaka wa mwanamume na mwanamke. Nilijaza fomu, nikakubaliwa, na kwa kila aliyeniuliza hapa nyumbani nikasema ninakwenda kwenye mambo ya fasihi.

Kwa hiyo jibu nililompa Mama halikuwa la kwanza kukatwa. Nilikuwa nimelikata hata kabla sijaondoka.

Ng'ambo ya barabara

Mwongozaji wetu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini, na jambo la kwanza nililojifunza kwake halikuwa maneno. Tulipofika Nollendorfstraße namba 17, mtaani Schöneberg, hakutupeleka mlangoni. Alitusimamisha ng'ambo ya barabara. Katika nyumba ile Christopher Isherwood, kijana wa Kiingereza, alipanga chumba kuanzia mwishoni mwa mwaka 1930 hadi mwaka 1933, na kutokana na watu aliowafahamu humo na mitaa ile ndipo zilipozaliwa hadithi zilizoifanya Berlin ya miaka hiyo ijulikane dunia nzima. Aliifuata Berlin kwa sababu pale aliweza kupumua, wakati nchini mwake sheria ilimhesabu kuwa mhalifu.

Katikati ya maelezo, mlango wa nyumba ulifunguka, akatoka mwanamke na mfuko wa sokoni. Mwongozaji akanyamaza. Alisubiri hadi mwanamke yule alipopita kona, kisha akaendelea kwa sauti ileile.

"Hapa wanaishi watu," alituambia, na hakuongeza neno.

Niliandika hilo katika daftari langu na kulipigia mstari. Nimeona waongozaji wengi wakiingiza wageni ndani ya ua wa mtu kana kwamba ni uwanja wa maonyesho, na kuna siku nami nimefanya hivyo.

Siku iliyofuata tulipanda ngazi hadi ghorofa ya nne katika ua wa nyuma wa Kurfürstendamm namba 29, alikoishi na kufanya kazi mchoraji Jeanne Mammen kuanzia mwaka 1920 hadi alipofariki mwaka 1976. Tulifika juu tukihema, na pale ndipo niliposhika maana ya miaka hiyo hamsini na sita: mwanamke mmoja, ngazi zilezile, turubai na rangi zikipandishwa kwa mikono. Katika miaka ya ishirini na mwanzoni mwa thelathini alichora wanawake wa Berlin usiku, wakicheza wawili wawili, wakivuta sigara, wakitazamana. Hakuwachora kama watu wa ajabu. Aliwachora kama watu waliochoka baada ya kazi na kukaa na wawapendao. Wanazi walipotawala aliacha kuonyesha kazi zake, lakini hakuacha kuchora.

Nilisimama muda mrefu mbele ya wanawake wawili aliowachora mashavu yamegusana. Nilikuwa naijua sura ile. Sikutaka kukumbuka ninaijua kutoka wapi.

Nyumba isiyokuwepo

Karibu na mto Spree, pembeni mwa bustani kubwa ya Tiergarten, mwongozaji alitusimamisha mahali penye nyasi, miti na bamba la kumbukumbu.

Hakukuwa na nyumba.

Zamani palikuwa na jumba la daktari Magnus Hirschfeld, Myahudi, ambaye mwaka 1897 alianzisha pamoja na wenzake kamati ya kudai kufutwa kwa Kifungu cha 175, sheria ya Ujerumani iliyowafunga wanaume waliopendana. Mwaka 1919 alifungua pale taasisi ya utafiti wa masuala ya jinsia, yenye maktaba, kliniki na vyumba vya ushauri, ambako watu waliokuwa wakijiona peke yao duniani walifika wakakuta kuna faili, kuna kitabu, kuna daktari asiyeshtuka. Tarehe 6 Mei 1933 wanafunzi wafuasi wa Wanazi waliivamia. Siku nne baadaye maelfu ya vitabu vyake yalitupwa motoni katika uwanja ulio kando ya jumba la opera, pamoja na vitabu vya waandishi wengine wengi, na sanamu ya kichwa cha Hirschfeld ikabebwa juu ya mti kwenda motoni. Yeye mwenyewe alikuwa nje ya nchi. Maangamizi ya kazi yake aliyatazama akiwa Paris, ndani ya ukumbi wa sinema, katika filamu ya habari. Alifia Nice, Ufaransa, mwaka 1935, siku aliyotimiza miaka 67.

Kichwa juu ya mti. Wengine katika kikundi waliendelea kuandika, lakini mimi kalamu ilinikwama. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwa watu wanaotafuta kichwa, nikaja katika jiji ambalo tunaamini kilipelekwa, na sasa najikuta nikiomboleza kichwa kingine kilichobebwa juujuu katika jiji hilohilo. Najua kimoja kilikuwa cha mtu na kingine cha shaba, na silinganishi. Nasema tu kwamba pale nyasini huruma yangu ilihama mahali ilipokuwa imezoea kukaa, na haijarudi.

Pembetatu ya Nollendorfplatz

Kwenye ukuta wa kituo cha treni cha Nollendorfplatz kuna jiwe la pembetatu la rangi ya waridi, lililowekwa mwaka 1989. Pembetatu ya rangi hiyo ndiyo alama ambayo wafungwa wanaume walishonewa katika kambi za Wanazi kwa kosa la kupenda wanaume. Juu ya jiwe pamechongwa maneno mawili ya Kijerumani yanayofanana sana: totgeschlagen, totgeschwiegen. La kwanza maana yake ni kupigwa hadi kufa. La pili nilijaribu kulitafsiri kwa Kiswahili pale pale, nikashindwa kwa neno moja, nikaandika hivi: kunyamaziwa hadi kufa.

Watu walikuwa wakipita kuwahi treni. Niligusa herufi za neno la pili kwa kidole.

"Kwetu hakuna"

Jioni hiyo tulikaa kwenye duara, kila mmoja aeleze mahali pamoja katika mji wake ambapo angepeleka kikundi kama chetu. Zamu yangu ilipofika nilisema, kwa utulivu wa mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa, kwamba kwetu Moshi historia ya namna hiyo hakuna.

Kulikuwa na mwenzetu kutoka Mombasa, mwalimu wa fasihi. Hakunibishia mbele ya watu. Alingoja tulipokuwa tukiosha vikombe jikoni, akaniambia kwa Kiswahili, ili yabaki kati yetu:

"Dada, kwenu hakuna, ama kwenu hakusemwi?"

Sikumjibu. Yeye akaendelea, akanieleza habari ya neno moja. Bibi yake alikuwa akiwapokea rafiki zake barazani kwa neno hilo: karibu shoga yangu, keti shoga yangu. Kwa wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa kike, msiri wako, mtu wa kumweleza ya chumbani, na wapo wanaoitana hivyo hadi leo. Mimi huku bara neno hilo lilinifikia likiwa jiwe. Nililisikia kwa mara ya kwanza njiani kutoka shule, likirushwa kwa mvulana wa darasa letu aliyekuwa akibeba mkoba wake begani kwa namna ambayo wenzake hawakuipenda. Alikazana kutembea asionekane anakimbia. Mkoba ule ulikuwa wa kijani, na kamba yake moja ilikuwa imefungwa fundo.

Kesho yake tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Lützowstraße linaloitwa Schwules Museum, lililoanzishwa mwaka 1985. Neno schwul lilikuwa tusi la kuwatupia wanaume wanaopenda wanaume, na waanzilishi walijua hivyo walipoliandika juu ya mlango wao. Kwa hiyo nilikuwa na maneno mawili kichwani, moja lililoanza kama mkeka wa kumkaribisha rafiki likageuzwa tusi, na jingine lililookotwa kwenye matusi likatundikwa mlangoni na wenyewe. Nilikaa kwenye benchi la jumba lile nikiyafikiria, hadi mwongozaji akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Na niliendelea kujiuliza kuhusu jibu langu la jana. Kiswahili kina maneno kadhaa ya zamani kwa watu hawa, mengi ya kuumiza. Hakuna anayejisumbua kumtungia jina mtu asiyewahi kumwona.

Kibao cha Neukölln

Siku ya mapumziko nilitoka peke yangu kwenda mtaani Neukölln, kwa sababu nilisikia kuna kibao kinachonihusu. Kwa zaidi ya miaka mia moja kulikuwa na mtaa huko uliobeba jina la Hermann von Wissmann, yule aliyekuja kuuvunja upinzani wa pwani na baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tangu mwaka 2021 mtaa huo unaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wetu, mzaliwa wa Moshi, mwanamke wa kwanza nchini kufikia ngazi ya uwaziri.

Yeye hahusiki na mada ya safari yetu, na sitaki msomaji achanganye. Nilikwenda kama mtu anayekwenda kumsalimia ndugu ugenini. Nilisimama chini ya kibao nikalisoma jina lake kwa sauti, na machozi yakanitoka mbele ya duka la watu.

Lakini kibao kile kilinirudisha kwenye somo kwa njia ya nyuma. Mitaa hiyo haikubadilishwa majina kwa hiari ya mji. Ilidaiwa kwa miaka mingi, na katika waliowasha moto huo walikuwamo wanawake weusi wa Ujerumani walioanza kukusanyika na kuandika miaka ya themanini, wakitiwa moyo na Audre Lorde, mshairi mweusi wa Marekani, msagaji aliyejitaja hivyo hadharani, ambaye mwaka 1984 alikuja kufundisha katika Chuo Kikuu Huria cha Berlin na akaendelea kurudi karibu kila mwaka hadi alipofariki mwaka 1992. Mshairi May Ayim alikuwa mmoja wa wanawake hao. Mwaka 2010 ukingo wa mto Spree huko Kreuzberg ulivuliwa jina la mjenzi wa ngome ya kikoloni katika pwani ya Ghana ya leo, ukapewa jina la May Ayim. Sasa Lorde naye ana mtaa Kreuzberg.

Hivyo watu ambao nilikuwa nikiogopa kuwataja kwa Mama ni miongoni mwa waliofungua njia hadi jina la mwanamke wa Moshi likasimama kwenye nguzo ya Berlin. Nilikuwa nimekula matunda yao huku nikisema kwetu hawapo.

Orodha

Hapa nataka nitulie, kwa sababu ningeweza kuondoka Berlin na jibu jepesi, kwamba tutaje majina na mambo yatakwisha.

Polisi wa Berlin walikuwa na orodha za majina za wanaume hao tangu enzi za Kaizari, zikaitwa orodha za rangi ya waridi. Hata katika miaka ambayo Isherwood alikuwa akipumua kwa raha Schöneberg, makaratasi yalikuwa kabatini, na Wanazi walipoingia waliyakuta tayari. Kifungu cha 175 kilikazwa mwaka 1935, Ujerumani Magharibi ikakiacha vilevile hadi mwaka 1969, na hakikufutwa kabisa hadi mwaka 1994. Nilikuwa nimekwisha kuanza shule.

Na kwetu, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Waingereza na sheria yao ya mwaka 1930, kinafika hadi kifungo cha maisha. Mwaka 2018 kiongozi mmoja wa mkoa alisimama hadharani akawataka wananchi wapeleke majina. Serikali ilisema huo ulikuwa msimamo wake binafsi, lakini kuna watu waliohama nyumba zao wiki ile, na siwezi kuisahau hofu niliyoiona usoni kwa mmoja wao.

Kwa hiyo jina ni heshima, na jina ni kamba. Wenzetu wa kwenye duara, wengi wao wakitoka nchi ambako kutaja hakumfungi mtu, walizungumza kana kwamba ukimya wote ni wa aina moja. Sikubaliani nao. Kuna ukimya wa mtu anayemficha jirani yake uvunguni, na kuna ukimya wa anayepita akijifanya hajui kuna mtu uvunguni. Wahenga walituambia funika kombe mwanaharamu apite, na mara nyingi kombe hilo limeokoa maisha. Swali lililonichoma ni kama mimi, jikoni kwa Mama, nilifunika kombe kwa ajili ya mtu yeyote, au kwa ajili ya starehe yangu tu. Hao waandishi walikwisha kufa. Hakuna ambaye jibu langu lingemdhuru.

Jumapili iliyopita

Nilirudi kwa Mama baada ya ibada. Alikuwa jikoni, na ndizi zilikuwepo. Nikamwambia kwamba lile swali lake la siku ile sikulijibu vizuri, kisha nikamweleza yote: wanaume waliopenda wanaume, wanawake waliopenda wanawake, nyumba iliyochomewa vitabu, pembetatu ya kushonewa. Nilizungumza haraka nikitazama mikono yangu.

Mama hakuacha kumenya. Alipomaliza ndizi aliyokuwa ameishika aliniuliza, "Unamkumbuka mjomba wako, yule fundi cherehani?"

Nilimkumbuka kidogo, na mwenzake pia, aliyekuwa akiishi naye mjini chumba kimoja. Sisi watoto tulimwita naye mjomba. Mama akanieleza jambo ambalo sikulijua. Siku ya maziko, walipoitwa wanandugu kutupa udongo, yule mwenzake hakuitwa. Alisimama njiani nje ya kihamba, shamba la ukoo, kofia mkononi, hadi watu wakatawanyika. Jioni Mama alimfuata, akamshika mkono, akampeleka kaburini, akasimama kando hadi alipomaliza kulia.

"Lile isale la upande wa chini," alisema, "alilipanda yeye."

Nimepita karibu na isale hilo, mmea ambao sisi Wachaga huupanda makaburini, maisha yangu yote. Nimeliruka nikikimbiza mbuzi. Nimewahi kukata jani lake.

Wote wawili wamekwisha fariki. Majina yao siyaandiki, na katika habari hii nimebadilisha mambo mawili ili msomaji asiweze kufika kwenye kihamba cha mtu yeyote. Wapo wanaoishi pale, kwa hiyo nimesimama ng'ambo ya barabara.

Tulikaa kimya kidogo. Kisha Mama akaosha kisu, akachukua ndizi nyingine.

"Sasa hao waandishi wako, na huyo mchoraji. Walikuwa wanaitwa nani?"

Nikamtajia mmoja mmoja. Hirschfeld alimtamka kwa shida, akaomba nirudie. Isherwood. Audre Lorde. May Ayim. Jina la Jeanne Mammen alilirudia mara mbili, polepole, halafu akaniomba nimsogezee beseni.